Leta ililipia nani nyumba? Historia fupi ya feza ya nyumba mu Kisangani



Kila mara tunapopita kwa avenyu huku Bangboka kuandika majina ya waliorudi, kuna swali moja linalorudi kuliko yote: "Leta itatusaidia lini na feza ya nyumba?" Wengine wanaongeza kwamba ndugu zao waliopelekwa Marekani wanawaambia kule Leta inalipia maskini nyumba. Basi huku namna gani?

Tumeona ni vizuri kujibu kwa historia, maana tunasikia majibu mawili na yote hayako sawa. Wa kwanza wanasema Congo haijasaidia hata mtu mmoja kupata nyumba. Wa pili, zaidi wazee, wanasema wakati wa Wabelgiji kila mtu alipewa nyumba. Ukweli ni huu: Leta ilisaidia, lakini msaada wake ulipitia milango miwili tu, mshahara na parseli. Mtu asiye na mshahara wala parseli, maana yake lokatere maskini, alibaki nje. Na wengi wetu tuliorudi tuko hapo hapo nje. Tukijua namna tulivyofika hapa, tutajua pia kitu gani tudai na kitu gani tujifanyie wenyewe.

Stanleyville: nyumba ilifuata kazi

Kwa dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931, serikali ya ukoloni ilitengeneza kile kilichoitwa centre extra-coutumier. Ilikuwa fasi ya Waafrika waliotoka vijijini mwao na kuja kukaa mjini, yenye shefu wake na utawala wake, mbali na desturi za kijiji. Kukaa pale haikuwa haki ya kila mtu. Ulihitaji karatasi, na karatasi ilifuata kazi. Ukikosa kazi muda mrefu, uliweza kurudishwa kijijini.

Kuhusu nyumba, hesabu ya wakati ule ilikuwa rahisi: anayekuleta mjini kumfanyia kazi, huyo atakulaza. Sheria za kazi zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula na fasi ya kulala, ao ampe feza ya kujitafutia. Kampuni kubwa zilijenga makambi, na ndiyo sababu mpaka leo mu miji yetu kuna kartiye zinazoitwa "camp" hata kama kampuni yenyewe ilikufa zamani.

Wengine walipata parseli mu cité, wakajenga nyumba ya miti na udongo. Mwenye parseli akiona nafasi, aliongeza chumba kwa nyuma na kumweka mgeni anayelipa kila mwezi. Tukumbuke hilo, kwa sababu litarudi mbele: mwenye nyumba wa kartiye zetu, tangu mwanzo, mara nyingi alikuwa mtu wa kawaida mwenye chumba kimoja cha zaidi.

Na wanawake? Mu centres nyingi za Congo ya Belgiji, mwanamke aliyeishi peke yake bila bwana alilipishwa hata taksi ya pekee. Mama aliyeuza sokoni na kulisha watoto wake hakuhesabiwa kuwa mtu wa kusaidiwa nyumba. Alihesabiwa kuwa mtu wa kulipishwa.

Miaka ya OCA

Kisha vita ya pili ya dunia miji ilijaa. Watu walikuja kutafuta kazi na nyumba hazikutosha. Tarehe 30 Machi 1952 Wabelgiji waliunda Office des Cités Africaines, ile wazee wanaita OCA mpaka leo. Mpaka mwaka wa uhuru OCA ilikuwa imejenga karibu nyumba 40,000 mu miji mikubwa: Léopoldville, Élisabethville, Bukavu, Stanleyville yetu na mingine, hata Usumbura. Kule Kinshasa, Matete na Bandalungwa ni matunda ya kazi hiyo.

Nyumba hizo hazikuwa za bure. Familia iliingia ndani na kulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mingi, mpaka nyumba iwe yake. Kando yake kulikuwa Fonds d'Avance, mfuko uliokopesha feza kwa mtu aliyetaka kujijengea mwenyewe.

Mu 1955, mwaka ule mfalme Baudouin alitembelea Congo, kukaundwa Fonds du Roi. Mfuko huo uliwatazama wale ambao mshahara wao haukutosha kulipa hata nyumba ndogo ya OCA. Ulilipa sehemu ya bei, ili malipo ya kila mwezi yashuke. Mu historia yote ya mji wetu, hapo njo Leta ilikaribia zaidi kile mnachouliza: kutia mkono wake mfukoni ili maskini alipe kidogo zaidi kila mwezi.

Lakini tuangalie vizuri. Ili ufaidike, ulihitaji mshahara unaojulikana, maana malipo yalihesabiwa juu ya mshahara huo. Na msaada ulikuwa wa kukufanya mwenye nyumba. Hakuna aliyesaidiwa abaki lokatere kwa amani. Aliyebeba mizigo sokoni kwa siku, mama wa samaki, mgeni aliyelala chumba cha nyuma: hao OCA haikuwafikia.

Kisha uhuru: mkono unaotoa ukawa mkono unaopokea

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Kazi ya OCA ilirithiwa baadaye na Office National du Logement. Lakini mji wetu haukupata utulivu wa kujenga. Tarehe 5 Agosti 1964 Wasimba waliingia Stanleyville. Tarehe 24 Novemba mwaka ule, maparasutisti wa Belgiji waliangukia uwanja wa ndege wa Simisimi. Familia nyingi zilikimbilia pori, na zilizorudi zilikuta watu wengine mu nyumba zao, ao hazikukuta nyumba. Hao njo warudi wa kwanza ambao wazee wetu wanawakumbuka kwa majina. Mu 1966 Stanleyville ikawa Kisangani.

Sheria mbili za miaka ile bado zinatugusa. Ya kwanza ni ya tarehe 10 Februari 1969, iliyoweka taksi juu ya feza ya nyumba, ile tunaita IRL. Leo taksi hiyo inaingia mu sanduku ya provensi. Ya pili ni sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema udongo wote ni mali ya Leta na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo mtu aliyekimbia bila karatasi ya parseli, akirudi, ana maneno ya majirani peke yake ya kujitetea nayo. Mu kartiye zetu ugomvi mwingi wa waliorudi unaanzia hapo.

Mnaona namna mambo yalivyogeuka. Mu miaka ya 1950 Leta iliingia mu hesabu ya nyumba kwa kukopesha na kupunguza bei. Kisha hapo, kwa lokatere na mwenye nyumba, ilijulikana zaidi kwa kupokea.

Mlango wa mshahara haukufungwa kwa sheria. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya heshima ao feza ya nyumba. Lakini ulifungwa na maisha. Mu miaka ya 1990 feza iliharibika vibaya: mu Oktoba 1993, zaïre 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaïre mupya 1. Aliyekuwa na "indemnité de logement" kwa karatasi ya mshahara aliona neno limebaki na feza imekwenda. Watu wakaanza kujitafutia. Mu miaka ile ile vijana wa Kisangani waligeuza kinga kuwa taksi, ile toleka tunayopanda mpaka leo. Mwenye toleka hana mwajiri wa kumdai nyumba.

Juni 2000: nani anahesabiwa?

Kila mtu wa Kisangani aliyekuwa na akili mu mwaka 2000 anajua siku sita za tarehe 5 mpaka 10 Juni, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliokuja kisha vita walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, karibu 1,700 walioumia, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa ao kuharibiwa. Watu karibu 65,000 walikimbia.

Waliorudi walilala wapi? Kwa ndugu, kwa kanisa, kwa jirani ambaye nyumba yake ilibaki na mabati. Leta ya wakati ule ilikuwa imepasuka vipande, na mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Hakuna aliyekuja na feza ya kupanga nyumba. Wakisangani walilazana wenyewe.

Tarehe 19 Desemba 2005 Korti ya Kimataifa ya La Haye ilihukumu Uganda. Tarehe 9 Februari 2022 ikakata malipo: dola milioni 325, ndani yake milioni 225 kwa watu waliokufa na walioumizwa, 40 kwa mali iliyoharibika, 60 kwa utajiri wa nchi ulioibiwa. Malipo yalipangwa mara tano, milioni 65 kila mwaka. Ili kuyagawa, Leta iliunda FRIVAO, yenye makao makuu hapa Kisangani.

Ni jambo kubwa, na aliye na haki pale afuate dosie yake. Lakini tusichanganye. Malipo ya vita ni deni la jana. Hayalipi nyumba ya mwezi huu. Tena hasara ya nyumba ni hasara ya mwenye nyumba. Aliyekuwa lokatere mu 2000 anaweza kuonyesha kitanda, mashini ya kushona, nguo zilizoungua. Kuta hazikuwa zake. Kwa mara nyingine tena, asiye na parseli anasimama nyuma ya mstari.

2023: Lubunga na feza ya miezi michache

Mu Februari 2023 ugomvi wa udongo kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulilipuka kule Lubunga, ngambo ya mto. Nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu walivuka kuja upande huu. Wengine walilala mu mashule na fasi za kanisa, lakini wengi waliingia mu familia. Chumba cha watu wanne kikawa cha watu tisa.

Wakati kama huu njo mashirika yanaleta msaada wa feza ya nyumba. Sisi wa terrain tunaujua kwa karibu. Familia inachaguliwa, chumba kinatazamwa, mwenye nyumba anasaini, na feza inatolewa kwa miezi iliyopangwa. Ni msaada mzuri, unamtoa mtoto kwa darasa ambamo analala chini. Lakini unategemea mfadhili, na una tarehe ya kuisha tangu siku ya kwanza. Siku ile ikifika, kama familia haijapata kazi wala biashara, inarudi kwa ndugu. Tena si feza ya Leta, na hakuna sheria ya kuidai nayo mwaka ujao.

Kule kwa wengine inafanyaje?

Wale wanaosema kule Marekani Leta inalipa hawasemi uongo, lakini hawasemi yote. Marekani ina mpango unaoitwa Section 8, ulioanza na sheria ya 1974. Lokatere maskini analipa karibu asilimia 30 ya mapato yake, na Leta inamlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki. Lakini nafasi ni chache kuliko watu, na wengi wanangoja miaka. Ufaransa ina msaada unaoitwa APL tangu 1977, unaohesabiwa kwa mapato, kwa watoto na kwa bei ya nyumba.

Mipango yote miwili inasimama juu ya karatasi: mkataba ulioandikwa, jina la mwenye nyumba linalojulikana, na mapato yanayoweza kupimwa. Bila hivyo Leta haijui inamlipa nani wala juu ya nini. Huku kwetu nyumba nyingi zinapangwa kwa mdomo. Kwa hiyo hata kama kesho Kinshasa ingetoa feza, lokatere wa Bangboka asiye na mkataba angekosa kitu cha kuonyesha.

Sheria tuliyo nayo mkononi

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwa artikulu 48, inasema haki ya nyumba ya heshima imehakikishwa. Ni neno zuri, lakini hakuna ofisi mu Kisangani unakoweza kupeleka hiyo artikulu na kutoka na feza ya nyumba.

Kuna sheria nyingine, ndogo zaidi na yenye meno zaidi: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga. Inataka mkataba uandikwe. Inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Na ugomvi wa lokatere na mwenye nyumba unapelekwa kwanza kwa service de l'habitat kutafuta mapatano, kabla ya kufika tribinali.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme chumba ni dola 20 kwa mwezi. Kwa sheria, garanti haiwezi kupita dola 60. Mwenye nyumba akidai miezi sita, anakudai 120. Hizo dola 60 za juu zingekuwa kapitali ya mama kuanza kuuza unga wa muhogo, ao koreji ya watoto. Mama mmoja alituambia mu kikao: "Feza ya mwezi ninaweza kutafuta. Garanti njo inatuua." Amesema kweli. Anayerudi na mfuko mutupu hashindwi na mwezi wa pili. Anashindwa na mlango wa kuingilia.

Lakini tuwe wa haki pia kwa wenye nyumba. Wengi wao ni kama wale wa zamani: mjane mwenye vyumba viwili, mzee aliyengoja pensheni bure. Garanti anaitumia kununua mabati ya kumalizia nyumba ile ile anayokupangisha. Ndiyo sababu siku ya kutoka hana feza ya kukurudishia, na lokatere anabaki ndani "kukula garanti" miezi kadhaa bila kulipa, na mnaachana na matusi. Tena mwenye nyumba anaogopa mtu aliyerudi: hamjui, hajui kama atakimbia tena. Kumsomea sheria peke yake hakutaondoa hofu hiyo.

Tunachopendekeza

Historia inatuonyesha kwamba kungoja msaada upite kwa mshahara ao kwa parseli ni kungoja kwa mlango ambao si wetu. Kwa hiyo tunaweka mambo matatu mbele ya kikao kijacho cha mituweli yetu.

La kwanza, kila mwanamemba anayepanga awe na mkataba ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja: bei, garanti, tarehe ya kuingia, hali ya nyumba, majina ya bwana na ya bibi wote wawili. Tumeona wajane waliofukuzwa kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu peke yake. Na kila mwezi mdai risiti. Vijana wetu waliosoma watasaidia kuandika, bila malipo.

La pili, tuige likelemba yetu na kufungua sanduku la garanti. Mituweli inamkopesha mwanamemba garanti ya miezi mitatu ya sheria, hata faranga moja ya zaidi hapana. Mu mkataba kunaandikwa kwamba siku ya kutoka garanti inarudi kwa sanduku. Mwanamemba anaweka kidogo kidogo kila wiki. Na mwenye nyumba anapata kitu alichokosa: kundi la watu analojua, linalosimama nyuma ya lokatere wake. Wakati OCA ilipokuwa ikijenga, mwajiri njo alisimama nyuma ya mfanyakazi. Sisi hatuna mwajiri. Tutasimama mmoja nyuma ya mwenzake.

La tatu, twende kwa komini na kwa provensi kwa pamoja, na si mtu mmoja mmoja. Feza ya nyumba inapolipiwa taksi, provensi inapokea. Ni haki yetu kuuliza kama sehemu ya feza hiyo haiwezi kurudi kusaidia garanti za waliorudi na wajane. Fonds du Roi ya 1955 inatupa mfano wa kutaja: Leta ilipotaka, ilijua kupunguza malipo ya mwezi ya maskini. Kama iliwezekana chini ya mkoloni kwa wenye mshahara, leo tunaomba ifikiriwe kwa wasio nao. Lakini twende na daftari: majina mangapi, vyumba vingapi, bei gani, garanti ya miezi mingapi ilidaiwa. Kuandika huko kumeanza, na ambao hatujafika kwao, tafadhali mpitie kwa shefu wa avenyu wenu.

Wengine watasema kikao ni maneno tu, na miezi mitatu ya sheria haiheshimiwi popote. Tunajua. Lakini mwaka huu familia mbili za hapa zilionyesha sheria hiyo mbele ya mwenye nyumba, pamoja na mwanakamati mmoja wa kuwashuhudia, na garanti ikashuka kutoka miezi sita mpaka mitatu. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa kwa viti, wakanywa maji, wakaandika.

Kikao kinakuja. Tafadhali kila mtu alete mkataba wake kama anao, na asiye na mkataba alete jina la mwenye nyumba wake na bei anayolipa. Tutaanza na hizo karatasi.